Cognitrone, Determination Test au PVT: uchague kipi kuwapima wanaume wa Vietnam?

Ukipewa kazi ya kupima umakini na ustahimilivu wa msongo kwa wanaume wa Vietnam, wawe madereva wa malori, vijana walioitwa jeshini au mafundi wa zamu za usiku, swali la kwanza la mwenye fedha litakuwa: tununue kipimo gani? Hapa nalinganisha vile vinavyotajwa zaidi. Nitakaa muda mrefu kwa viwili, Cognitrone na Determination Test, kwa sababu ndivyo watu wanavyovichanganya. Vingine nitavipitia kwa haraka kidogo.

Viwili vya Vienna

Vyote viwili vimo ndani ya Vienna Test System, mtambo wa Schuhfried, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1947 huko Mödling, mji mdogo kusini ya Vienna. Hutumia kompyuta moja na hutoa karatasi ya matokeo yenye sura moja. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, maana mpimaji mvivu huchukua alama ya kimoja na kuisoma kama ya kingine.

Cognitrone ni kazi ya utulivu. Kwenye kioo kuna michoro minne isiyo na maana yoyote, mistari na maumbo tu, na chini yake mchoro wa tano. Mpimwa anaamua kama huo wa tano umo miongoni mwa ile minne, anabonyeza ndiyo au hapana, seti nyingine inakuja. Hakuna herufi, hakuna hesabu, hakuna neno la kusoma baada ya maelekezo. Yapo matoleo ambayo mpimwa anajipangia mwendo, na mengine ambayo kila seti ina muda wake maalumu. Katika yale ya kujipangia mwendo, alama inayotazamwa hasa ni wastani wa muda anaochukua kukataa kwa usahihi. Kuna hekima hapo: anayekubali huenda amebahatika kuuona mchoro mapema, lakini anayekataa ni lazima awe ameipitia yote minne.

Nadharia iliyo nyuma yake ni ya Reulecke, aliyeuona umakini kuwa na pande tatu: nguvu inayotumika, kazi inayofanywa, na usahihi wa kuifanya. Kwa Kiswahili cha kawaida, mtu anayekwenda mbio huku akikosea na mwingine anayekwenda taratibu bila kosa wanaweza kuwa wametumia juhudi ileile. Anayesoma kasi peke yake atamsifu wa kwanza bure, na anayesoma makosa peke yake atamwonea.

Determination Test, au DT, ina kelele zaidi. Mpimwa anakaa mbele ya paneli yenye vitufe vya rangi tano: nyeupe, njano, nyekundu, kijani na buluu. Ana vitufe viwili vya sauti, kimoja cha sauti nyembamba na kingine cha sauti nzito, na chini ya meza kuna pedali mbili, ya mguu wa kulia na ya kushoto. Rangi ikitokea anabonyeza kitufe chake, mlio ukisikika anabonyeza wake, alama ya mguu ikiwaka anakanyaga. Kila jibu peke yake mtoto wa shule analiweza. Ugumu ni kwamba vinakuja mfululizo, na katika mtindo wa kujirekebisha kompyuta inafuata kasi ya mpimwa: akimudu inaongeza mwendo, akilemewa inapunguza. Kwa njia hiyo kila mmoja anafikishwa kwenye ukingo wa uwezo wake na kubakizwa hapo kwa dakika kadhaa.

Kinachohesabiwa ni majibu sahihi, makosa, na vichocheo vilivyopita bila kujibiwa. Mimi huanza na hizo mbili za mwisho. Wapo wanaume ambao kasi ikizidi mikono huanza kubonyeza ovyo, na wapo wanaoganda, wakaacha vitu vipite mpaka wapate tena mwendo. Idadi ya majibu sahihi inaweza kulingana kabisa, lakini dereva wa basi anayekanyaga pedali isiyostahili na yule anayechelewa kukanyaga ni hatari za aina mbili, na mafunzo yao hayawezi kuwa mamoja.

Watengenezaji wanasema DT inapima ustahimilivu wa msongo, na hapa ni lazima tuelewane. Msongo unaozungumzwa ni wa vichocheo kuzidi mikono na miguu kwa dakika chache. Deni la benki, ugomvi wa nyumbani na hofu ya kuachishwa kazi havimo. Kijana anaweza kutamba kwenye DT asubuhi na usiku asipate usingizi kwa wiki nzima kwa sababu ya mambo yake. Ukiandika kwenye ripoti kwamba wanaume wa kiwanda fulani "wanastahimili msongo" kwa sababu ya alama za DT, msomaji wako ataelewa jambo ambalo hukulipima.

Kwa hiyo kwenye uchaguzi kati ya hivi viwili: kwa dereva, rubani, mwendesha winchi na askari wa kitengo cha mitambo, DT inakaribia kazi yao zaidi. Kwa mkaguzi wa bidhaa anayetazama vibao vya elektroniki siku nzima, Cognitrone ndiyo inayofanana na siku yake. Viwanda vya Samsung vya Bắc Ninh na Thái Nguyên vina kazi za namna hiyo kwa wingi, ingawa kwenye mistari ile wanawake ndio wengi, na anayetaka sampuli ya wanaume atalazimika kuitafuta kwa makusudi. Ukiwa na nafasi ya vyote viwili, tanguliza Cognitrone, halafu DT. Ukianza na DT, uchovu wake utaingia kwenye Cognitrone.

Jambo jingine linalotenganisha hivi viwili ni mazoezi. DT hupanda mtu akirudia, kwa sababu mikono inajifunza mahali vilipo vitufe. Vijana wa Vietnam wanacheza michezo ya kompyuta na ya simu kwa bidii, na Hanoi ilipoandaa Michezo ya Kusini-Mashariki mwa Asia mwaka 2022, michezo ya kielektroniki ilikuwa na medali zake. Naamini kijana mwenye saa nyingi za michezo hiyo ana mtaji kwenye DT ambao fundi wa miaka 45 hana. Waulize kabla ya kupima, uandike, na ukitaka kupima kabla na baada ya mafunzo, weka kundi jingine lisilopewa mafunzo. Bila hilo utaisifia programu yako kwa kazi iliyofanywa na mazoea.

Umzidi nani?

Nchini Ujerumani, katika tathmini ya ufaafu wa kuendesha gari, kiwango kinachotumika sana ni daraja la asilimia 16: mpimwa awazidi angalau watu 16 kati ya kila 100 wa kundi la kulinganishia. Kwa wanaobeba abiria, sehemu kubwa ya vipimo inatakiwa ifike 33. Sheria ya huko inataja kwa wabeba abiria mambo matano ya kupimwa: uwezo wa kubeba mzigo wa kazi, mwelekeo, umakini wa kudumu, usikivu na mwitikio. Ni utaratibu mzuri, na una mantiki kwa sababu kundi la kulinganishia ni watu wa mazingira yaleyale.

Mpeleke sasa dereva wa lori wa Nghệ An, umpime kwa DT, na kompyuta ikutolee 16. Amemzidi nani? Kama kundi la kulinganishia lilikusanywa Ulaya, namba hiyo inasema kitu kuhusu mahali anapokaa kati ya Wazungu wenye elimu yao, umri wao na mazoea yao ya kompyuta. Haisemi kama yuko salama kwenye Barabara Kuu Namba 1, ile ya kilomita zaidi ya 2,300 kutoka Lạng Sơn kaskazini hadi Cà Mau kusini. Ndiyo maana kwa utafiti wowote wa Wavietnam napendelea alama ghafi, milisekunde na idadi ya majibu, zilinganishwe ndani ya sampuli yenyewe kwa umri na miaka ya shule. Madaraja ya asilimia yawekwe kando mpaka kundi la Kivietnam lipatikane. Hili linahusu mitambo yote ya kulipia, na muuzaji hatakuambia usipomuuliza.

PVT na jamaa zake

PVT (Psychomotor Vigilance Test, kipimo cha kuwa macho) ilielezwa na watafiti Dinges na Powell mwaka 1985, na urahisi wake unachekesha: tazama kisanduku, namba zikianza kukimbia bonyeza. Basi. Vichocheo huja baada ya sekunde 2 hadi 10, bila mpangilio, kwa dakika 10. Jibu lililozidi milisekunde 500 huhesabiwa kuwa mtu "alipotea". Kwa lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa, nusu sekunde ni mita 11 za barabara.

Uzuri wa PVT ni kwamba haina cha kujifunza, kwa hiyo unaweza kumpima mtu huyohuyo asubuhi na usiku, zamu baada ya zamu. Kwa usingizi na uchovu naiweka mbele ya DT na Cognitrone zote. Tangu Januari 2025 sheria ya Vietnam ya usalama barabarani inataka dereva wa kibiashara asiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo, saa 10 kwa siku na saa 48 kwa wiki. Anayetaka kujua kama saa ya tisa ni tofauti na saa ya pili anahitaji PVT, hahitaji paneli yenye pedali. Kuna toleo fupi la dakika 3 pia, linalofaa kituo cha mafuta au geti la kiwanda, ila kikomo chake cha "kupotea" ni milisekunde 355, kwa hiyo usichanganye alama zake na za dakika 10. Ubaya wa PVT ni kwamba inachosha kwa kukosa ladha, na wanaume wengine huanza kuifanya kwa dharau. Kaa nao chumbani, kimya.

ANT (Attention Network Test), ya mwaka 2002, inagawa umakini katika sehemu tatu: kuwa macho, kuelekeza jicho, na kudhibiti migongano. Kwa makala ya kitaaluma inavutia. Kwa kumchagua mtu mmoja mmoja siishauri, kwa kuwa alama ya sehemu ya kwanza haitulii mtu akipimwa tena.

Stroop, ya mwaka 1935, ambapo mtu hutaja rangi ya wino wa neno ambalo lenyewe ni jina la rangi nyingine, iko kila mahali, na kwa Vietnam ina mtego wake. Kivietnam hutumia neno *xanh* kwa kijani na kwa buluu, na linapobidi huongezewa neno la kufafanua. Stroop yenye kijani na buluu pamoja inaharibika palepale, kwa hiyo tumia nyekundu, njano na rangi moja tu ya *xanh*. Kwa DT, ambayo ina vitufe vyote viwili, hakikisha maelekezo yanaonyesha kitufe kwa kidole badala ya kukitaja.

Na tukiwa kwenye rangi: hawa ni wanaume. Upofu wa rangi nyekundu na kijani unawapata wanaume wa China na Japani kwa kiasi cha 4 hadi 6 kwa mia, na hakuna sababu ya kudhani Vietnam wamesalimika. Sahani za Ishihara, zilizotolewa mwaka 1917, huchukua dakika mbili. Asiyeziona aende Cognitrone au PVT, na DT yake isihesabiwe.

Majedwali ya Wasovieti

Vietnam haikuanzia Vienna. Madaktari na marubani wengi wa kizazi kilichopita walisomea Umoja wa Kisovieti, na pamoja na vitabu walirudi na desturi za kupima. Phạm Tuân, rubani wa MiG-21, aliruka na Soyuz 37 mwezi Julai 1980 pamoja na Viktor Gorbatko, akawa Mwasia wa kwanza angani. Katika tiba ya anga ya Kisovieti jedwali la Gorbov na Schulte lilikuwa chombo cha kawaida: namba 25 nyeusi na 24 nyekundu zimetawanywa kwenye miraba 49, na mtu anatafuta nyeusi kwa kupanda na nyekundu kwa kushuka, moja baada ya nyingine. Kuna pia kipimo cha Bourdon cha kukata herufi, na cha pete za Landolt, pete zenye pengo upande mmoja.

Hivi vyote huandikwa kwenye kompyuta kwa mchana mmoja na mwanafunzi anayejua programu kidogo. Ukilinganisha na Cognitrone, jedwali la namba linapata pointi mbili: ni la bure, na madaktari wa kijeshi wa Vietnam wanalifahamu, kwa hiyo hutatumia wiki kuwashawishi. Linapoteza kwa usawa wa vipimo, maana kila hospitali ina toleo lake, moja la karatasi, jingine la kioo, na matokeo hayawekwi pamoja. Nikiwa na bajeti ndogo ningelichukua bila aibu, ningelipiga mhuri toleo moja, na kulitumia hilo tu.

Ukitaka msongo wenyewe

Mtafiti anayetaka kuona mwili ukipata msongo, moyo ukienda mbio na kotisoli, homoni ya msongo, ikipanda kwenye mate, asitegemee DT peke yake. Mwaka 2004 Dickerson na Kemeny walikusanya tafiti 208 za maabara na kukuta kwamba kinachopandisha kotisoli zaidi ni mambo mawili yakikutana: kuhukumiwa na watu, na kutoweza kudhibiti matokeo. DT ina la pili kidogo na la kwanza karibu halina.

Kipimo cha Trier cha mwaka 1993 kinayo yote: dakika 5 za kuzungumza mbele ya jopo lisilotabasamu, halafu dakika 5 za kufanya hesabu za kutoa kwa sauti. Kinataka watu, chumba na muda. Cha kompyuta ni MIST ya Montreal, ya mwaka 2005: hesabu za kichwani ambazo programu huzifanya ngumu kwa makusudi ili mpimwa apate chini ya nusu, huku mstari juu ya kioo ukimwonyesha kwamba "wenzake" wanafanya vizuri zaidi. Inafanya kazi kwa sababu inaaibisha, na kwa sababu hiyohiyo mpimwa lazima aelezwe ukweli kabla hajatoka chumbani.

Kwa wanajeshi kuna la zaidi. Vijana wa Vietnam huitwa jeshini kuanzia miaka 18 hadi 25, au 27 kwa walioahirishiwa kwa ajili ya masomo, na hutumikia miezi 24. Kijana aliye chini ya amri ana ugumu wa kukataa kupimwa. Ofisa wake akiwa chumbani, umebadilisha kipimo: DT imekuwa nusu Trier bila wewe kupanga, na ridhaa imekuwa ya karatasi tu. Ofisa akae nje, na matokeo ya mtu mmoja mmoja yasimfikie.

Sigara, kahawa na usingizi wa mchana

Nimeviweka baada ya vipimo, lakini uharibifu wake unazidi ule wa kuchagua mtambo usiofaa. Uchunguzi wa kitaifa wa tumbaku wa mwaka 2015 ulikuta asilimia 45.3 ya wanaume watu wazima wa Vietnam wanavuta, dhidi ya asilimia 1.1 ya wanawake. Nikotini hupungua mwilini kwa nusu kila saa mbili hivi, na mvutaji aliyezuiwa tangu asubuhi huanza kupoteza umakini kwa sababu ya kiu ya sigara. Ukiwafungia wote saa nne kabla ya PVT, utapata tofauti kati ya wavutaji na wasiovuta uliyoitengeneza wewe. Waache wavute kama kawaida yao, andika saa ya mwisho.

Kahawa ni hivyohivyo. Ya Vietnam ni robusta kwa sehemu kubwa, yenye kafeini karibu mara mbili ya arabika, na hunywewa nzito. Mvutaji huiondoa kafeini mwilini haraka kuliko asiyevuta, kwa hiyo kikombe kilekile cha saa moja asubuhi hakina nguvu sawa kwa wawili hao saa nne baadaye.

Kisha usingizi wa mchana. Maofisini na viwandani watu hulala kidogo baada ya chakula, na ni desturi yenye heshima. Ukimpima mtu saa nane mchana unapima aliyenyimwa usingizi wake au aliyeamshwa sasa hivi, na wote wawili wana wingu kichwani. Panga vipimo kati ya saa mbili na saa tano asubuhi. Katika miezi ya joto kaskazini hakikisha kiyoyozi kina umeme wa akiba, maana Mei na Juni 2023 mgao uliwakuta hata wenye viwanda vikubwa.

Fedha na vifaa

Vienna Test System ni ya leseni, na paneli na pedali zake hununuliwa pamoja nayo. Kwa hospitali ya kijeshi au kituo cha kupima marubani inafaa, kwa sababu vifaa vyake vimepimwa muda na hakuna ubishi. Chuo chenye bajeti ya mwanafunzi wa uzamili kina PEBL na PsychoPy, programu za bure ambazo PVT na Stroop huendeshwa humo. DT hutaipata hapo kwa ukamilifu wake, na kuiga kwa kibodi ya kawaida kunazaa kipimo kingine kisichostahili jina hilo.

Ukienda njia ya bure, tatizo lako ni milisekunde. Kioo cha hezi 60 hubadilika kila milisekunde 16.7, kibodi za bei rahisi huongeza ucheleweshaji wake, na kioo cha kugusa cha simu kinaweza kuongeza makumi. Ucheleweshaji usiobadilika si balaa ukilinganisha mtu na nafsi yake. Balaa ni kituo cha Hanoi kutumia kompyuta za mezani na cha Cần Thơ kutumia tableti, halafu mtu akaandika kwamba wanaume wa kusini ni wazito wa kuitikia. Nunua kompyuta za aina moja na kibodi za waya za aina moja kwa vituo vyote, zima mtandao na masasisho wakati wa kupima, na faili ghafi za kila jibu zihifadhiwe pamoja na jina la mashine iliyotumika.